Chombo na Mtunzi: Mashine katika Kazi ya Kubuni tangu 1677

Tenzi nyingi za kale za pwani zina desturi moja inayojulikana na kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Mtunzi huanza kwa jina la Mungu, kisha huagiza vyombo vyake: aletewe karatasi njema, wino mweusi na kalamu ya kuandikia. Kazi inapofika tamati, aghalabu hujitaja jina au nasaba yake, pengine hutaja na tarehe, na huwaomba wasomaji wamsamehe na kusahihisha pale alipokosea. Hivyo desturi hiyo hutenga mambo mawili. Chombo hutajwa mwanzoni, kwa kuwa bila yake kazi haiandikiki. Mtu hutajwa mwishoni, kwa kuwa yeye ndiye wa kuulizwa. Haujasikika utenzi ambao kalamu iliomba radhi.

Mpaka huo kati ya chombo na mtu umeingiwa na shaka katika miaka ya karibuni. Tangu tarehe 30 Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, mtu ye yote mwenye simu ameweza kuagiza hadithi, insha au shairi na kuletewa kwa dakika moja. Ufundi huu, ambao wengine huuita akili unde na wengine akili mnemba, umezusha swali: je, ni chombo kama kalamu, au ni mtunzi? Swali lenyewe si jipya. Historia yake yapata miaka 350, na mwenye kuifuata hatua kwa hatua huona kwamba katika kila mashine ya zamani mtu aliyetunga aliweza kuonekana, hata alipojificha. Jambo jipya la zama hizi si kwamba mashine imekuwa mtunzi. Ni kwamba watunzi walio ndani yake wamekuwa wengi mno, na hawakuulizwa.

Mwaka 1677 Mwingereza aitwaye John Peter alichapisha kijitabu cha kufundisha utungaji wa mashairi ya Kilatini kwa njia ya majedwali ya herufi. Aliahidi kwamba mtu ajuaye alfabeti tu na kuhesabu mpaka tisa, hata kama haelewi neno moja la Kilatini, ataweza kutunga maelfu ya mistari iliyo sahihi kwa sarufi na kwa vipimo. Ahadi hiyo ilitimia. Mtumiaji alichagua namba, akahesabu herufi katika majedwali, na mstari ukatokea. Lakini ni nani aliyeutunga? Kila neno lilikuwa limepimwa na kupangwa na Peter mwenyewe, likiwekwa mahali ambapo neno lo lote litakalolitangulia au kulifuata lingeafikiana nalo. Mwenye kuhesabu alifanya kazi ya mkono tu. Kazi ya akili ilikwisha fanywa kabla yake.

Katika mwaka 1845 watu wa London waliona wazo lile lile limepewa mwili wa mbao na chuma. John Clark, mtu wa Bridgwater katika jimbo la Somerset, alionyesha katika jumba la Egyptian Hall, Piccadilly, mashine aliyoiita Eureka, na kiingilio kilikuwa shilingi moja. Mtazamaji alipoiendesha, mashine ilizungusha mitungi yake yenye pini za urefu mbalimbali, vipande vya mbao vyenye herufi vikashuka, na baada ya kama dakika moja mstari mmoja wa Kilatini ukaonekana katika dirisha lake. Wakati wa kutunga mashine ilipiga wimbo wa taifa wa Waingereza. Mistari iwezayo kutoka inakadiriwa kuwa milioni 26. Kila mmoja ulikuwa na maneno sita, kila neno la namna moja ya kisarufi mahali pake, na vipimo vyake havikukosea kamwe.

Kwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili habari hizi zina maana ya pekee. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambamo kanuni za mizani, vina na vipande zilielezwa kwa ufasaha ili wanagenzi wajifunze. Kanuni za namna hiyo huhesabika: shairi la kawaida lina mizani kumi na sita kwa mstari, nane kila upande, na vina vya kati na vya mwisho. Jambo linalohesabika huweza kupewa mashine. Miaka ishirini baadaye, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila ya kufungwa na mizani wala vina, ulizuka ubishi mkubwa juu ya uti wa mgongo wa shairi. Wapo waliosema kwamba pasipo kanuni hapana shairi. Wapo waliosema kwamba kanuni ni vazi tu. Mashine ya Clark ilikuwa imekwisha toa ushahidi wake katika kesi hiyo karne moja na zaidi kabla. Ilithibitisha kwamba kanuni peke yake zatosha kuufanya mstari uwe sahihi, na kwamba mstari uliokuwa sahihi tu hauna mtu wa kuuimba. Milioni 26 ya mistari haikuacha hata mmoja katika vinywa vya watu.

Miaka miwili kabla ya maonyesho hayo, yaani mwaka 1843, Ada Lovelace alitafsiri makala ya Mwitalia Luigi Menabrea juu ya mashine kubwa ya hesabu ambayo Charles Babbage aliibuni lakini hakuimaliza kuijenga. Katika maelezo aliyoyaongeza, ambayo ni marefu kuliko makala yenyewe, alisema mambo mawili ambayo hadi leo hayajatengana. La kwanza, kama uhusiano wa sauti za muziki ungeweza kuandikwa kwa namna ya hesabu, mashine ile ingeweza kutunga muziki wa hali ya juu. La pili, mashine haina dai la kuanzisha jambo lo lote. Hufanya lile tu ambalo watu wanajua jinsi ya kuliamuru. Waliomfuata walichukua mara neno lake la kwanza, mara la pili, kwa kadiri ya matakwa yao.

Kompyuta zilipopatikana, watu hawakukawia kuzijaribu. Katika mwaka 1952 Christopher Strachey aliandika programu ya kutunga barua za mapenzi kwa kompyuta ya Ferranti Mark 1 ya Chuo Kikuu cha Manchester. Mashine ilichagua maneno kwa bahati nasibu kutoka katika orodha zilizokusanywa kwa msaada wa kamusi ya visawe, ikayaweka katika violezo vichache vya sentensi, na mwisho wa barua ikatia sahihi ya M.U.C., yaani kompyuta ya chuo kikuu hicho. Hapo kalamu ilijitaja kwa mara ya kwanza mwishoni, lakini ilikuwa mzaha wa Strachey. Yeye mwenyewe alieleza wazi mwaka 1954, katika jarida la Encounter, jinsi mpango wake ulivyokuwa mwepesi. Mapenzi yaliyomo katika barua hizo yalitoka kwa msomaji, ambaye hakuzoea kuona maneno ya namna hiyo yasiyo na mtu nyuma yake.

Lejaren Hiller na Leonard Isaacson wa Chuo Kikuu cha Illinois walilifuata wazo la Lovelace juu ya muziki. Kazi yao iitwayo Illiac Suite, iliyotungwa kwa ajili ya fidla mbili, viola na selo, ilianza kusikika mbele ya watu mwezi wa Agosti 1956 na kukamilika mwaka 1957. Njia yao ilikuwa hivi: kompyuta ilitoa sauti kwa bahati nasibu, na kila sauti ilipimwa kwa kanuni ambazo mabwana hao waliziweka, nyingine zikiwa zimechukuliwa katika mafundisho ya zamani ya kuoanisha sauti. Iliyovunja kanuni ilitupwa, iliyotii ilibaki. Kwa hiyo mashine ilikuwa na wingi, na watu walikuwa na kipimo.

Mwaka 1959 Theo Lutz wa Stuttgart, Ujerumani, alifanya jaribio dogo ambalo umuhimu wake waonekana zaidi sasa kuliko siku zile. Aliipa kompyuta ya Zuse Z22 majina kumi na sita na maneno kumi na sita ya kuyaarifu, yote yakiwa yametolewa katika riwaya ya Franz Kafka iitwayo Das Schloss. Kompyuta iliyaunganisha kwa bahati nasibu, na sentensi zilizotoka zilichapishwa katika jarida la Augenblick. Zilikuwa na ugeni na baridi inayofanana na ya Kafka. Haikuwa ajabu, kwa kuwa maneno yalikuwa ya Kafka. Lutz hakuficha jambo hilo. Alisema maneno yametoka wapi na ni mangapi. Mtu aliweza kuyahesabu kwa vidole na kumpa kila mwenye haki sehemu yake: maneno ya Kafka, mpango wa Lutz, mwendo wa mashine.

Mfano ulio kamili kuliko yote katika zama hizo ni wa mchoraji Harold Cohen, aliyeiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice ya mwaka 1966. Katika miaka ya 1970, akiwa California, alianza kuijenga programu aliyoiita AARON, na aliendelea nayo zaidi ya miaka arobaini hata kufa kwake mwaka 2016. Cohen alikuwa mchoraji hodari kabla ya kujifunza kompyuta, na kila jambo ambalo AARON ilijua juu ya mistari, miili ya watu na majani ya miti, yeye ndiye aliyelitia. Katika miaka ya kwanza alikuwa akiitia rangi michoro ya mashine kwa mkono wake. Baadaye akaifundisha mashine kutia rangi. Na uzeeni alirudi kutia rangi yeye mwenyewe. Fundi aliyejitengenezea chombo namna hiyo hana haja ya kuulizwa kama chombo kimemnyang'anya kazi.

Lakini pia palikuwa na waliotaka kumficha mtu. Mwaka 1984 kilichapishwa Marekani kitabu The Policeman's Beard Is Half Constructed, nacho kilitangazwa kuwa kitabu cha kwanza kuandikwa na kompyuta. Aliyetajwa kuwa mwandishi ni programu iitwayo Racter, ingawa waliyoitengeneza ni William Chamberlain na Thomas Etter. Baadaye wachunguzi walitoa hoja kwamba maandishi ya aina ile yasingeweza kutoka pasipo violezo vilivyotayarishwa na mkono wa mtu. Pia hapana mashaka kwamba mtu alichagua yatakayochapwa. Ulaghai huo mdogo wafundisha kwamba mtu aweza kuliondoa jina lake katika kazi kwa sababu ya soko, na msomaji akanunua kitabu kwa kuwa tu hapana mtu ndani yake.

Mashine zote zilizotajwa hapa ziliamriwa kwa kanuni. Zile za leo hazikufanywa hivyo. Hupewa maandishi mengi mno, au picha nyingi mno, na kutakiwa kukisia kile kinachofuata: baada ya maneno haya, kipande gani cha neno chaelekea kuja? Kila zinapokosea, namba zilizo ndani yake hurekebishwa kidogo, na kazi hiyo hurudiwa mara nyingi zisizohesabika, mpaka makisio yake yafanane na mazoea ya wale walioandika. Ufundi huu ulipata nguvu mpya mwaka 2017, watafiti wa Google walipoeleza muundo unaoitwa Transformer, ambao ndio msingi wa programu za maandishi zilizofuata. Kwa hiyo hakuna tena Clark aliyepima kila neno. Kanuni hazikuandikwa na mtu mmoja. Zimekamuliwa kutoka katika kazi za watu wengi. Majaribio ya Lutz yamerudi, lakini pahali pa riwaya moja pamekuwa maktaba nzima, na majina yaliyokuwa juu ya majalada yamebanduka.

Ugomvi wa kwanza mashuhuri ulitokea katika uchoraji. Mwezi wa Oktoba 2018 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza mjini New York picha iitwayo Portrait of Edmond de Belamy kwa dola 432,500, hali ilikadiriwa kupata dola 7,000 mpaka 10,000 tu. Pahali pa sahihi ya mchoraji iliwekwa kanuni ya hesabu. Waliyoipeleka mnadani ni vijana wa kikundi cha Obvious cha Paris, na mashine ilikuwa imefunzwa kwa picha za sura za watu zipatazo 15,000, zilizochorwa tangu karne ya 14. Mara ikajulikana kwamba sehemu ya programu iliyotumika ilikuwa imeandikwa na kijana mwingine wa Kimarekani aliyeitoa bure kwa watu. Basi fedha ni ya nani? Ya waliopeleka, ya aliyeandika, au ya wachoraji waliokwisha kufa? Ni jambo la kuangaliwa kwamba hakuna aliyedai fedha hizo kwa niaba ya mashine. Ubishi ulikuwa baina ya watu na watu.

Mahakama nazo zimepita njia hiyo, ijapokuwa hazikubaliani katika yote. Katika Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilichunguza kitabu cha picha Zarya of the Dawn, ikaamua kwamba maneno na mpangilio ni mali ya mwandishi, lakini picha zilizotolewa na mashine hazina hakimiliki. Mwezi wa Machi 2025 Mahakama ya Rufani ya Washington ilithibitisha kwamba mashine haiwezi kuandikishwa kuwa mtunzi pekee wa kazi, kwa maana sheria yataka mtunzi awe mtu. Kwa upande mwingine, mahakama moja ya Beijing iliamua mwezi wa Novemba 2023 kwamba mtu aliyeiongoza mashine kwa maagizo mengi na kuyarekebisha anayo haki juu ya picha aliyoipata. Hukumu hizi zatofautiana juu ya kiasi cha kazi kinachomfanya mtu awe mtunzi. Hazikutofautiana katika jambo moja: mtunzi hutafutwa miongoni mwa watu.

Wenye kuishi kwa kalamu hawakungoja mahakama. Waandishi wa sinema na televisheni wa Marekani waligoma tangu tarehe 2 Mei 2023, na mgomo ulidumu siku 148. Katika mapatano yaliyofuata ilikubaliwa kwamba maandishi ya mashine hayatahesabiwa kuwa kazi ya mwandishi. Kwamba mwandishi aweza kuitumia mashine kwa ridhaa ya kampuni, lakini kampuni haiwezi kumlazimisha. Na kwamba kampuni ikimpa maandishi yaliyotoka katika mashine sharti imwambie. Masharti hayo hayakukataza chombo. Yaliweka wazi ni nani aliyeshika mpini.

Huko Japani, mwezi wa Januari 2024, Rie Kudan alipewa tuzo ya Akutagawa, naye akasema kwamba kama sehemu tano katika mia za riwaya yake zilikuwa maneno ya ChatGPT. Wengi walishtuka. Lakini baadaye alieleza kwamba maneno hayo ni yale ambayo, katika hadithi, husemwa na mashine inapoulizwa na mhusika. Aliyatia mashine maneno ya mashine, akayatangaza, na akabaki kuwa mwenye kujibu kwa kitabu chote. Mfano wake waonyesha kwamba kitu kinachotenga matumizi mema na mabaya si kiasi cha msaada tu, bali kukiri.

Hata hivyo kukiri kwa mtumiaji hakumalizi deni. Limebaki deni la wale ambao kazi zao ndizo zilizoifunza mashine. Mwaka 2025 jaji mmoja wa California aliamua kwamba kuifunza mashine kwa vitabu vilivyonunuliwa kulikuwa matumizi ya halali, lakini kuweka maktaba ya vitabu vilivyoibwa hakukuwa halali. Baada ya hukumu hiyo kampuni ya Anthropic ilikubali kuwalipa waandishi na wachapishaji dola bilioni 1.5, kwa ajili ya vitabu vinavyokaribia nusu milioni. Tangu majedwali ya John Peter hapakuwa na haja ya malipo ya namna hiyo, kwa sababu hapakuwa na mashine iliyokula mavuno ya watu wasioijua.

Kwa Kiswahili jambo hili si habari ya mbali. Mashine hizi hujibu kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho hakikutoka hewani. Kimetoka katika magazeti, riwaya, tafsiri, hotuba na kamusi. Nyuma yake wako watunzi, wahariri na wakusanyaji wa maneno wa vizazi vingi. Maandishi ya Kiswahili yaliyomo katika mitambo hiyo ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza, na kwa hiyo mashine yaweza kutoa sentensi ambayo viungo vyake ni vya Kiswahili na mwendo wake ni wa Kiingereza. Mwenye kuipokea bila kuipima huisaidia kuenea, na kesho sentensi hiyo huwa chakula cha mashine nyingine.

Liko na jambo la mizani, ambalo lawahusu washairi hasa. Mashine ya Clark, isiyojua cho chote, haikukosea kipimo hata mara moja, kwa kuwa bwana wake alipima kabla. Mashine mpya, iliyopitia maktaba, huweza kukosea hesabu ya silabi ambayo mtoto wa chuoni huihesabu kwa vidole, kwa sababu haisomi silabi. Husoma vipande vya maneno vilivyokatwa kwa kadiri vinavyorudiwa katika maandishi. Basi shairi lililotoka humo laweza kuwa na sauti ya shairi na lisiwe na mizani yake, na ni mtu tu, mwenye sikio, atakayejua.

Ndipo desturi ya tenzi inapoonekana kuwa zaidi ya adabu. Mtunzi aliyeagiza karatasi na wino hakuona haya kwamba alihitaji vyombo, wala hakudhani kwamba vyombo vilimpunguzia heshima. Vivyo hivyo atumiaye mashine leo hana sababu ya kuificha, maadamu aitaja mwanzoni pamoja na kalamu yake. Lakini beti za tamati ni zake yeye. Humo hana budi kuweka jina lake, kuwataja wale aliochukua kwao kadiri awezavyo kuwajua, na kuwaomba wasomaji wamsahihishe. Asiyeweza kuomba radhi kwa ajili ya mstari fulani, kwa kuwa hajui ulitoka wapi wala kwa nini uko hapo, bado hajautunga.